Vitabu vya Spike Milligan: uanze na kipi, na namna ya kukagua nakala ya mitumba

Ndugu uliyeuliza kutoka Kisumu: umesema vipindi vya runinga vya Q vya mchekeshaji Spike Milligan vilikuchekesha, ukanunua Biblia yake ya kuchekesha ya mwaka 1993 kwa wauza vitabu vya mitumba, ukaishia njiani. Hapo kosa si lako. Vitabu vyake vya miaka ya 1990 vinavyobeba maneno "According to Spike Milligan" huchukua kitabu maarufu na kukifanyia mzaha uleule mwanzo hadi mwisho. Ukiviona kwa muuzaji, vipite.

Anza na Puckoon, riwaya fupi ya 1963. Ni mwaka 1924, tume inachora mpaka wa kuigawa Ireland. Wajumbe wamechoka, baa inakaribia kufungwa, basi wote wanaishika penseli moja na kuikokota kwenye ramani. Mstari unapita katikati ya kijiji. Kanisa linabaki upande huu na makaburi upande ule, kwa hiyo hata maiti anatakiwa awe na karatasi za kusafiria ili azikwe. Ndani ya baa, mpaka umemega kona moja ambako pombe ni nafuu kwa asilimia 30. Wateja wote wanabanana kwenye hiyo kona, kwingine kote viti vitupu. Mtu wa mpakani, Busia au Malaba, atacheka kabla ya wengine. Mhusika mkuu naye, Dan Milligan, anamgombeza mwandishi kwa kumpa miguu mibaya, na mwandishi anamjibu. Usisubiri kisa kijifunge vizuri. Kwenye runinga pia Spike alikuwa akikiacha kichekesho hewani na kuhamia kingine.

Lakini kazi yake kubwa ni kumbukumbu za vita, na hizi zisome kwa mpangilio. Adolf Hitler: My Part in His Downfall (1971) inaanza vita vinapotangazwa mwaka 1939, kisha anaitwa jeshini. "Rommel?" "Gunner Who?" (1974) ni Afrika Kaskazini, baada ya kushuka Algiers Januari 1943. Monty: His Part in My Victory (1976) inaendelea kutoka hapo, na Mussolini: His Part in My Downfall (1978) ni Italia. Baadaye zikaja Where Have All the Bullets Gone? (1985), Goodbye Soldier (1986) na Peace Work (1991). Jumla saba. Kama mfuko hauruhusu, tafuta nne za kwanza na uzihesabu kuwa kitabu kimoja. Hizo tatu za mwisho zina burudani, hasa safari zake na bendi Italia, ila zimelegea.

Kwa nini mpangilio? Kwa sababu kicheko cha mwanzo ndicho kinachokuja kuuma. Katika cha kwanza wako Bexhill, pwani ya Uingereza, wana mzinga mkubwa wa inchi 9.2 na hawana hata kombora moja. Mazoezi yanafanyika hatua kwa hatua kama kawaida, na ikifika zamu ya kufyatua, kikosi kizima kinapiga kelele: "Bang!" Ukifika cha nne, Januari 1944 karibu na Cassino, mtu yuleyule anajeruhiwa mguu na kombora la mota. Anarudishwa kwenye mizinga kabla hajapona akili. Kila inapolia anatetemeka na kugugumiza, na mkuu wake anamvua cheo. Anayekianza cha nne bila kuwa na kile cha kwanza hapati hata nusu yake.

Istilahi chache zitakazokukwamisha: gunner ni askari wa kawaida wa mizinga, bombardier ni kama koplo, NAAFI ni kantini ya jeshi. Na usitarajie kuwakuta wazee wetu wa Keya (King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza Afrika Mashariki) humo. Wengi wao walipelekwa Uhabeshi na Burma. Tena ujiandae: anawataja Waarabu, Waitaliano na watu weusi kwa maneno ya kambini ya enzi hizo, mengine ya matusi kabisa. Mimi sioni haja ya kumtetea hapo.

Sasa nakala zenyewe. Nyingi za mitumba ni za kampuni ya Penguin, zenye jalada la karatasi, zilizofungwa kwa gundi bila uzi. Gundi ikizeeka hukauka na kukatika. Fungua katikati taratibu: ukisikia mlio wa kuvunjika, kurasa zitaanza kung'oka wiki hiyohiyo. Fuata namba za kurasa hadi mwisho, maana kwenye kumbukumbu za vita picha na michoro ni sehemu ya mzaha, na karatasi moja ikikosekana unabaki na maneno yanayocheka kitu usichokiona.

Karatasi iliyong'oka ibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Paka ukingoni tu, upana wa milimita mbili hivi, kwa brashi nyembamba. Ukizidisha, gundi inavuja na kushikanisha kurasa za jirani. Weka nailoni pande zote mbili, funga kitabu, kigandamize kwa kitu kizito usiku kucha. Selotepu usiguse: inageuka manjano na gundi yake inaenea kwenye maandishi. Super Glue inakuwa ngumu, na ukifungua kitabu inakatika upya. Kwa unyevu wa ziwa, usihifadhi vitabu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa wala usiviegemeze kwenye ukuta wa nje. Harufu ya uvundo itoe kwa kupunga hewa kivulini, kwa sababu jua kali huifanya karatasi iwe ya kuvunjikavunjika.

Kabla ya kununua, pitia maktaba ya umma ya Kisumu. Usitafute kwenye rafu ya riwaya peke yake: kumbukumbu za vita mara nyingi hupangwa kwenye namba ya rafu 940.54 pamoja na historia ya Vita vya Pili, Puckoon ni 823, na mashairi yake ni 821. Ukifika kwenye 821, ulizia Small Dreams of a Scorpion ya 1972. Hicho hakina mzaha mwingi.