Nani alimpima huyo samaki?

Mwaka wangu wa kwanza kwenye uhariri nilipitisha makala iliyodai kwamba siku hizi umakini wa binadamu hudumu sekunde nane tu, kwamba hata samaki wa dhahabu anatushinda kwa sekunde moja. Nikaipenda sentensi hiyo mpaka nikaipandisha juu kabisa, iwe chambo. Msomaji mmoja akatuma swali la mstari mmoja: nani alimpima huyo samaki?

Sikuwa na jibu, nikaanza kurudi nyuma. Tovuti niliyoitegemea ilinukuu tovuti nyingine, nayo ikanukuu gazeti, na gazeti likataja ripoti ya masoko ya Microsoft nchini Kanada ya mwaka 2015. Ripoti yenyewe ilikuwa imeokota namba hizo kwenye tovuti ya takwimu. Baadaye, mwaka 2017, BBC walifuata njia hiyohiyo, wakawauliza waliotajwa kuwa chanzo, na hawakuukuta utafiti wowote. Kwa hiyo makala yangu, iliyolalamika kwamba watu hawafikiri tena, ilikuwa imepita mikononi mwa watu kadhaa bila hata mmoja kufikiri. Nikiwemo mimi.

Ninyi mnaoanza kuandika mtasikia kwamba tatizo la zama hizi ni ufupi. Mimi sikubali. Twitter ilianza na herufi 140, mwaka 2017 ikaruhusu 280, na sikuona mawazo yakiongezeka maradufu. Kilichotuponyoka ni ule muda kati ya kuandika na kutoa. Zamani andiko lilipita kwa mpiga chapa, kwa mhariri, kwa msahihishaji, na mengine yalifia njiani kwa haki kabisa. Leo kitufe cha kutuma kiko chini ya kidole gumba, kwa hiyo ucheleweshaji huo inabidi uutengeneze mwenyewe. Mimi nikimaliza nafunga, nalala, asubuhi nasoma kwa sauti. Ulimi unapojikwaa, mara nyingi hata wazo lilikuwa linachechemea.

Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha aliniletea hii: “Ni muhimu kutambua kwamba teknolojia imeleta mabadiliko makubwa katika maisha yetu ya kila siku.” Nikamuuliza, teknolojia ipi? Maisha ya nani? Yamebadilika kutoka wapi kwenda wapi? Akanuna kidogo (nami niliwahi kununa hivyohivyo), akaondoka, akarudi na hii: “Zamani nilikuwa nakusanya maswali kabla ya kumpigia mtu simu. Sasa namtumia kila swali linaponijia, naye ananijibu nusunusu, na siku inaisha hatujaongea.” Hapo sasa kuna kitu cha kubishania. Sentensi ya kwanza ingeweza kuandikwa na yeyote, hata na asiyewahi kushika simu.

Na kweli sasa inaandikwa na asiyewahi kuishika. Tangu ChatGPT, programu ya akili bandia inayoandika yenyewe, ifunguliwe kwa umma mwishoni mwa 2022, sentensi za aina ile zinamiminika zikiwa safi, hazina kosa la sarufi. Hilo limenivurugia kazi. Awali uandishi mbovu ulinionya mapema kwamba huenda na fikra ni mbovu. Siku hizi lugha nyoofu hainiambii lolote. Ukitaka kuitumia mashine, itumie mwishoni, ikutafutie makosa. Usiipe mwanzo. Kuhangaika na aya ya kwanza ndiko kunakokuumbua kwamba huna la kusema, na ni afadhali uumbuke peke yako.

Halafu kuna wanaojitetea kwamba hakuna anayesoma. Mwaka 1997, kabla ya hizi simu zetu, Jakob Nielsen, mtafiti wa namna watu wanavyotumia tovuti, na mwenzake walipima wasomaji wa tovuti: asilimia 79 walipitisha macho tu, asilimia 16 ndio waliosoma neno kwa neno. Basi hoja yako iweke mapema, wapitaji waione. Lakini hakiki kila kitu kwa ajili ya wale 16.

Yule wa samaki alikuwa mmoja wao. Nilipochapisha masahihisho, aliandika tena: ahsante, sasa tazama aya ya nne. Nikaitazama. Mwaka ulikuwa umekosewa.