Zawadi za kuogea: sabuni iache kwanza, fanya singo na mafuta ya nazi

Dada, umeuliza uwatengenezee nini rafiki zako cha kuogea na kujipaka kabla ya Idi, pesa ni ya mawazo, na wengine wako Arusha na Nairobi. Wengi waliokujibu wamekwambia sabuni. Mimi nasema iache kwanza. Sabuni inataka kostiki soda, mizani inayosoma gramu, kisha wiki nne hivi za kukaa ikomae, na Idi haikungoji. Isitoshe, sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu, na kostiki inazila. Siku ukiifanya, tafuta chombo cha chuma cha pua, na kumbuka kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya kostiki itakurukia usoni.

Ninachoangalia mimi kwenye zawadi ni kimoja: isiwe na maji ndani. Krimu za kukoroga na alovera mbichi au maji ya mawaridi zinapendeza siku ya kwanza, lakini bila dawa ya kuzuia ukungu zinachacha upesi. Kitu kikavu, au mafuta matupu, kinasafiri na basi na kinakaa.

Kwetu Unguja kikavu hicho ni singo, unga wa maua wa kusugulia mwili, ile anayosingwa bibi harusi. Nachukua mawaridi, asumini, mlangilangi, majani ya mrehani, na kilua nikikipata. Navianika kivulini juu ya ungo, maana jua kali linaondoka na harufu. Ua likivunjika kama jani la chai, tayari. Likijikunja tu, bado lina maji, liache. Kisha natwanga na liwa (msandali wenye harufu) na karafuu kidogo, nachekecha. Chekecha kweli, chenga za karafuu zinakwaruza. Na karafuu usiipende sana, inachoma ngozi: kijiko kimoja cha chai kwa kikombe kizima cha unga kinatosha. Mwandikie rafiki yako namna ya kutumia, kwa sababu wa bara wengine watadhani ni kiungo cha pilau: achote kiganjani, alainishe na marashi ya mawaridi, ajipake, ikianza kukauka aisugue itoke, ndipo aoge. Usoni apitishe mkono mwepesi.

Mafuta ya nazi pika mwenyewe. Tui zito, moto mdogo, subira. Mwanzo yanatoa povu jeupe na kelele nyingi. Baadaye makapi yanashuka chini yakiwa ya kahawia, na ile kelele inakufa. Kelele ndiyo maji. Ikinyamaza, epua, chuja kwa kitambaa safi kikavu. Ukiendelea kupika yatanuka kuungua na hakuna marashi yatakayoficha. Ukitaka harufu, matone matatu manne ya mafuta ya karafuu kwa mililita 100, basi. Ndimu usitie kabisa, mtu akijipaka akatoka juani anaweza kubabuka.

Sasa hao wa Arusha na Nairobi. Mafuta ya nazi yanaganda baridi ikishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kuna rafiki yangu alinipigia akilalamika nimempelekea "samli". Kwa watu wa huko weka kwenye kikopo cha mdomo mpana, siyo chupa. Au yayeyushie nta ya nyuki, sehemu moja ya nta kwa nne za mafuta, kwenye bakuli lililokaa juu ya maji ya moto. Dondosha tone kwenye kijiko cha baridi uone: likiwa gumu mno ongeza mafuta, likiteleza ongeza nta. Hayo ni mazuri ya midomo na visigino.

Cha tatu ni dodoki, na hapa ndipo utaokoa pesa. Kama jirani ana mdodoki kwenye ua, omba yaliyokauka mtini. Loweka, menya ganda, kung'uta mbegu, anika tena, kata vipande vya urefu wa kiganja.

Vikopo vya jamu vinafaa kabisa. Vichemshe na uvianike mpaka visiwe na unyevu hata kwenye kifuniko, kisha bandika karatasi yenye tarehe na vyote ulivyotia, maana asumini na karafuu wapo zinaowawasha. Kama una kikapu cha ukili pangia humo. Kama huna, kipande cha kanga mpya kinafunga vizuri kuliko zile karatasi za kumetameta.