Pikapu Iliyochoka Ipimwe Ikiwa Bado Baridi

Pikapu yangu ya petroli ilipofikisha kilomita 340,000 ilikuwa na maradhi matatu kwa mpigo: ilifuka moshi wa buluu, ilikula petroli kupita kiasi, na ilipanda mlima kwa shida kana kwamba imebeba mzigo hata ilipokuwa tupu. Fundi wa kwanza alitazama moshi kwa dakika chache, akahukumu kwamba ringi za pistoni, zile pete zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda, zimekwisha na kwamba injini lazima ishushwe. Wa pili aliunganisha mashine ya kusomea kompyuta ya gari, akaona msimbo unaosema kwamba mchanganyiko una hewa nyingi na mafuta machache, akabadilisha sensa ya oksijeni, inayopima oksijeni iliyomo katika moshi, na taa ya onyo iliporudi akaibadilisha tena. Sasa najua kwamba wote wawili waliikuta pikapu ikiwa moto, kwa kuwa nilifika kwao nikiiendesha, na dalili mbili kati ya zile zilizohitajika zilikuwa zimekwisha kujificha njiani.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa mwenye gari la umri huo ni kwamba aanze uchunguzi mwenyewe, asubuhi, baada ya gari kulala usiku kucha. Kabla ya kuwasha, pima oili kwa kijiti chake, kisha fungua kifuniko cha rejeta uone kama maji yamepungua. Kifuniko hicho hakifunguliwi kamwe injini ikiwa moto. Ukiwasha na kuona mvuke mweupe na matone ya maji kwenye ncha ya ekzosi, usishtuke, kwa sababu petroli inapoungua huzaa maji, na mvuke huo hutoweka bomba likishapata joto. Moshi mweupe wa kutiliwa shaka ni ule usiokoma, wenye harufu tamutamu, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanapovujia: hapo gasketi ya silinda hedi, yaani kizibio kilicho kati ya kichwa cha injini na silinda, ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Dalili iliyonifumbua macho haikuwa moshi, bali mlio. Kila asubuhi, kwa dakika tatu au nne za mwanzo, nilisikia tik-tik-tik kali upande mmoja wa injini, ukienda kasi nilipokanyaga mafuta, kisha ukififia wenyewe. Kwa muda mrefu nilidhani ni valvu zinazohitaji kurekebishwa. Mlio unaokwisha injini inapopata joto unaweza kutoka kwenye tapeti, vifaa vidogo vinavyosukuma valvu, ambazo hazijafikiwa vizuri na oili, lakini unaweza pia kuwa wa moshi unaopenya kwenye gasketi ya manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi kutoka silinda zote), au kwenye ufa wa manifoldi yenyewe, kwa kuwa chuma kikipata moto hutanuka na kuziba pengo. Ili kutofautisha, nilimwomba mwenzangu aweke kitambaa kinene kwenye ncha ya ekzosi kwa sekunde chache, injini ikiwa imewashwa punde, mikono yake ikiwa na glavu. Shinikizo liliongezeka ndani ya bomba, nami nikasikia moshi ukifoka karibu na silinda ya nyuma. Nilipomulika tochi baada ya kuzima, palikuwa na alama nyeusi ya masizi na bolti moja iliyokatika kichwa. Alama hiyo ingeweza kuonekana na yeyote ambaye angeinama.

Tundu hilo dogo ndilo lililoidanganya kompyuta. Moshi hutoka kwenye silinda kwa mapigo, na katikati ya pigo na pigo hewa ya nje hunyonywa kupitia pengo lilelile. Sensa ya oksijeni iliyo mbele kidogo kwenye bomba huihesabu oksijeni hiyo kana kwamba imetoka kwenye silinda, na kompyuta, ikiamini kwamba mafuta ni machache, huongeza petroli ambayo injini haikuihitaji. Baada ya kubadilisha gasketi na bolti, usahihisho wa mafuta wa muda mrefu unaosomwa na mashine, yaani kiasi cha petroli ambacho kompyuta imezoea kuongeza, ulishuka kutoka asilimia 18 hadi 4, sensa ikiwa ileile. Msimbo hutaja kile ambacho sensa imekiona, wala hautaji kifaa kilichoharibika. Nyongeza moja isiyo ndogo: moshi unaovuja chini ya boneti unaweza kuingia ndani ya kabini ukiwa na kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua, hivyo uvujaji huo haungojei mwisho wa mwezi.

Ukabaki moshi wa buluu, yaani oili inayoungua. Nilichunguza unatoka wakati gani, na jibu likawa: ninapowasha asubuhi, na ninapokanyaga mafuta baada ya kushuka mteremko mrefu nikiwa nimeachia pedali. Nikiwa napanda kwa nguvu, karibu haukuwepo. Ringi zilizokwisha kwa kawaida hufusha moshi injini inapolemewa, ilhali sili za valvu, vizibio vinavyozuia oili isiteremke kwenye valvu, zikikauka hupitisha oili gari linapolala au mvuto wa hewa ndani ya injini unapokuwa mkubwa. Hata hivyo sikuridhika na moshi pekee, nikadai kompresheni, yaani shinikizo ambalo kila silinda inaweza kulijenga, ipimwe kabla ya kushusha chochote: plagi zote zitolewe, petroli na umeme wa plagi vikatwe, betri iwe imejaa, na pedali ikanyagwe hadi mwisho. Silinda nne zilitoa pauni 155, 150, 152 na 146 kwa inchi ya mraba. Kijiko cha oili katika silinda ya chini zaidi hakikubadilisha namba kwa kiasi cha maana, na kama ringi zingekuwa zimelika ingepanda sana. Sili zilibadilishwa bila kufungua silinda hedi, valvu zikishikiliwa juu kwa hewa ya kompresa.

Udhaifu wa mlimani ulitokana na katalisti, kifaa cha kusafishia moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi. Tulifungua sensa ya oksijeni iliyo mbele yake, tukaweka geji ya shinikizo mahali pake, na injini ilipofika mizunguko 2,500 kwa dakika geji ilipita pauni 3, ishara kwamba moshi hauna njia ya kutosha. Masega ya katalisti, vile vitundu vidogo ambamo moshi hupita, yalikuwa yamepakwa mabaki ya oili ya miaka mingi. Kifaa hicho ni ghali, nami nafurahi kwamba nilikiacha mwisho, kwani katalisti mpya iliyowekwa nyuma ya injini inayounguza oili na kumwagiwa petroli ya ziada ingeishia kuwa kama ile niliyoitoa.