Bunduki ya .22 ya zamani: ganda linanasa, risasi haiwaki

Swali: Habari fundi. Nina bunduki ya .22 aliyoniachia babu. Ni ya bolti (kipande cha nyuma unachokivuta na kukisukuma kwa mkono), na magazini yake ni bomba lililolala chini ya mtutu. Kwenye mtutu imeandikwa S, L, LR. Haijasafishwa miaka mingi. Risasi nyingine haziwaki mpaka nizipige mara ya pili, na ganda likishatumika linang'ang'ania ndani. Nataka niifungue yote, niisafishe na kuirudisha. Nianzie wapi?

Jibu: Anza kwa kuacha wazo la kuifungua yote. Bunduki nyingi ninazoletewa kwenye mfuko wa plastiki zikiwa vipande hazikuwa na tatizo kubwa kabla hazijafunguliwa.

Kwanza hakikisha ni tupu. Magazini ya bomba ni msiri: chemba, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, inaweza kuwa tupu na risasi moja ikabaki imejificha ndani. Chomoa bomba la ndani lote, inamisha mtutu, tikisa, kisha chezesha bolti mara kadhaa na umulike chemba kwa tochi.

Sasa dalili zako. Nadhani zote mbili zina chanzo kimoja, na herufi zile ndizo zinazonipa shaka. Bunduki yako inapokea Short, Long na Long Rifle, aina tatu za risasi za .22. Ganda la Short lina urefu wa milimita 10.7 hivi, la Long Rifle 15.6. Kama babu alipenda Short, masizi, nta na madini ya risasi yamejijenga kama pete ndani ya chemba, mbele ya pale ganda fupi linapoishia. Ukiweka Long Rifle, inagota kwenye pete hiyo na haikai hadi mwisho. Fataki ya risasi hizi, yaani kile kinachowasha baruti, imo ndani ya ukingo wa ganda, na pini inayogonga lazima iuponde ukingo huo dhidi ya chuma cha chemba. Risasi isipokuwa imekaa, pigo la kwanza linaishia kuisukuma tu. La pili ndilo linaloiwasha. Ikiwaka, ganda linatanuka juu ya uchafu na kunasa. (Risasi ikigoma usikimbilie kufungua bolti. Shikilia mtutu upande salama, hesabu hadi 30.)

Toa bolti. Kwa nyingi za zamani unabana kifyatulio huku ukiivuta nyuma mpaka itoke. Ikikataa usilazimishe, huenda ina kitufe chake. Ikishatoka, usichezee kipande cha nyuma kinachobeba pini: kikizunguka kinaruka mbele, na bolti haitarudi mpaka ukizungushe kikae kama kilivyokuwa. Hilo limewatoa jasho watu wengi, na mimi nilipokuwa najifunza.

Kitako hushikwa na skrubu moja au mbili chini. Tumia bisibisi inayojaa mfereji wa skrubu, la sivyo utauharibu. Piga picha kila hatua. Kifyatulio na springi zake viache palepale. Mswaki laini na mafuta kidogo vinatosha.

Kazi kubwa iko kwenye chemba. Ilowanishe kwa mafuta ya kusafishia bunduki, subiri dakika 15, kisha zungusha brashi ya shaba kwa mkono, si kwa drili. Rudia mpaka kitambaa kitoke safi, halafu mulika tena. Ukiona bado kuna mchoro wa pete, chuma chenyewe kimeliwa na brashi haina dawa. Hapo ni kazi ya karakana. Tazama pia ukingo wa chemba pale pini inapogonga. Kufyatua bila risasi huacha kovu pale, na kovu hilo nalo hunasa ganda.

Bolti ioshe kwa mafuta ya taa uitoe grisi iliyoganda, maana grisi hiyo pia inachelewesha pini. Ikaushe na uiache karibu kavu. Toa uchafu chini ya kucha inayovuta ganda kwa kijiti cha meno.

Mtutu wenyewe hauhitaji vita. Pitisha vitambaa vichache kutoka nyuma, kwa ufito usiokwaruza mdomo. Ukiona vishimo vya kutu, inawezekana ni vya enzi za fataki zenye chumvi. Remington walileta fataki zisizoleta kutu mwaka 1926. Vishimo hivyo havifutiki, na mara nyingi bunduki bado inalenga vizuri.

Kurudisha ni kinyume chake. Skrubu za kitako kaza mpaka zishike, basi. Mbao ikibanwa sana inabonyea. Jaribu kizuizi cha usalama ikiwa tupu, kisha uwanjani weka risasi moja moja. Nawa mikono kabla ya kula, kwa sababu ya madini ya risasi.

Ikiendelea kunasa, nitumie picha ya ganda lililotumika likiwa kando ya rula. Uvimbe ukianza milimita 11 hivi kutoka kwenye kitako cha ganda, chemba imeliwa na Short. Ukiwa pale ukingoni, tatizo ni kovu la pini.