Wiki nzuri, wiki mbaya: je, usonji wa mwanangu unapanda na kushuka?

SWALI: Habari daktari. Naishi Igombe, Mwanza. Mwanangu wa kiume ana miaka 6, na tuliambiwa ana usonji akiwa na miaka 4. Mwezi uliopita tulifurahi mno: alianza kusema "mama" na "maji", akawa analala vizuri na anakula. Wiki hizi mbili yote yameyeyuka. Hasemi, anajipiga kichwani, ugali anausukuma, saa nane usiku yuko macho. Kinachomtuliza ni maji tu. Akifika ziwani anacheka mwenyewe. Baba yake ni mvuvi wa dagaa, nyumbani yupo na hayupo. Mama mkwe anasema mtoto amechezewa, twende kwa mganga. Mimi nami leo nacheka naye, kesho natamani nipande gari nisirudi. Je, usonji unapanda na kushuka kama homa? Au ninayeumwa ni mimi? — Mama K.

JIBU: Mama K., usonji haupandi wala haushuki hivyo. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyojengeka tangu mapema kabisa, na ataendelea kuwa nao akikua. Kinachopanda na kushuka ni uwezo wake wa kuvumilia. Maumivu, usingizi pungufu, kelele na mabadiliko ya nyumbani vikimwelemea kwa pamoja, maneno mapya hupotea kwanza kwa sababu hayajamkaa vizuri. Wiki mbaya karibu kila mara ina chanzo, na chanzo hutafutwa.

Anza na mwili. Mtoto asiyeweza kusema "jino linaniuma" atalisema kwa mkono. Mtazame anapojipiga: ni popote kichwani, au ni upande mmoja, karibu na sikio au taya? Ngumi inayorudi palepale, pamoja na kukataa chakula na kukesha, hunifanya niwaze sikio au jino kabla ya jambo lingine lolote. Mchungulie mdomoni mchana, mlangoni penye mwanga, utafute jino lililotoboka au ufizi uliovimba. Angalia kama sikio linatoa majimaji au harufu. Choo nacho ukifuatilie, maana wengi wa watoto hawa huchagua vyakula viwili vitatu tu, wakapata choo kigumu kwa siku nyingi, na tumbo likijaa hakuna usingizi. Kisha mpeleke zahanati apimwe na malaria, hata kama hana joto. Huku kwetu kando ya ziwa kipimo hicho hakirukwi. Mhudumu ajue tangu mlangoni kwamba mtoto ana usonji, ili msubiri zamu yenu nje, pasipo na kelele.

Mwili ukiwa salama, nageukia sentensi uliyoiandika kama kwa bahati tu: baba yupo na hayupo. Wewe unajua kwa nini. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika. Maana yake nyumba yenu hubadilika sura kila mwezi: sauti ya baba inakuja na kupotea, chakula kinabadilika saa, anayelala kitanda gani naye anabadilika. Wewe una kalenda kichwani. Mwanao hana, na kwake kila safari ni baba aliyetoweka bila taarifa.

Chukua daftari. Kila jioni andika mistari miwili: amelala vipi, amekula nini, choo, amejipiga au la, baba yupo au kambini. Pembeni chora mwezi ulivyo usiku huo. Miezi miwili ikipita utaona kama siku mbaya zinafuatana na giza. Wakati huohuo mfanyie mtoto kalenda ya ukutani: picha ya baba siku za nyumbani, picha ya mtumbwi siku za ziwani, na kila asubuhi yeye mwenyewe asogeze kibanio. Baba asiondoke kimyakimya kwa kumhurumia. Amwonyeshe mtumbwi ukutani, amshike mkono, ndipo aende.

Lipo jambo moja la kutokungoja. Kama maumivu yametibiwa na maneno bado hayarudi, au unamwona anaganda akikodoa macho bila kuitika, au mwili unashtukashtuka, omba rufaa mwende kwa madaktari wa watoto, hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi ya wengine, na kina dawa.

Kuhusu mama mkwe, usigombane naye, unamhitaji. Lawama za namna hii hazikuanzia Igombe. Daktari wa akili aitwaye Leo Kanner alipoueleza usonji mwaka 1943 huko Marekani, aliwataja wazazi wengi kuwa wenye ubaridi, na kwa miaka mingi madaktari wasomi wakawabebesha akina mama kosa hilo, mpaka utafiti ulipolitupilia mbali. Hakuna aliyemchezea mtoto, wala wewe hukukosea ujauzito. Chale na moshi wa dawa vitamwongezea hofu na vidonda, basi. Mpe bibi kazi: akae naye kwa saa mbili kila Jumamosi nawe ulale. Bibi mwenye kazi hupunguza maneno.

Sasa wewe. Kutamani kupanda gari usirudi, baada ya wiki mbili za kuamka saa nane usiku, ni uchovu, na haufuti upendo wako kwa mtoto. Nitahofu nikisikia kwamba kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huoni raha ya chochote, hulali hata mtoto akilala, chakula hakipiti. Hapo ni sonona, nenda ukatibiwe. Yakikujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usilale nayo: mwambie mtu akae nanyi, na uende hospitali siku hiyohiyo.

La mwisho hukuliuliza, lakini ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote: anapenda maji. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji bila kuona hatari yake, na kwa wanaotoroka nyumbani, kuzama ndiko huwaua zaidi. Weka komeo la mlango juu, asikofika. Ndoo na mapipa yafunikwe. Mzoeshe kwamba ziwani anakwenda akishikwa mkono tu, na mjomba anayejua kuogelea amfundishe taratibu, huku amemshika. Waonyeshe vijana wa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, picha yake na uwape namba yako: wakimwona peke yake wamshike mkono bila kumfokea, wakupigie. Siku akipotea, wa kwanza akimbilie ziwani. Kwa majirani mtauliza baadaye.