Kabla hujapita Bab el-Mandeb na manowari

Wiki iliyopita alinipigia kijana mmoja wa Likoni. Amepata mkataba wake wa kwanza, na ajenti amemtuliza kwamba huko Bahari ya Shamu asiogope, manowari zinasindikiza. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, kwa hiyo nimeona niyaandike haya wayasome na wengine wanaosubiri meli.

Nilipita Bab el-Mandeb, ule mlango mwembamba kati ya Ghuba ya Aden na Bahari ya Shamu, mwishoni mwa Machi 2024. Tarehe 6 mwezi huohuo, meli ya True Confidence ilikuwa imepigwa kombora na Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, katika Ghuba ya Aden na mabaharia 3 wakafa. Tulisindikizwa na manowari ya Aspides, operesheni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza Februari mwaka huo. Nilitarajia itakaa ubavuni mwetu. Ilituita redioni, chaneli 16, ikauliza tuko wangapi, tumetoka bandari gani, mwendo wetu noti ngapi. Kisha ikasogea mbali, na giza lilipoingia sikuona hata taa yake. Nilisimama zamu pembeni mwa briji, pale juu meli inapoongozwa, kofia ya chuma ikinibana masikioni, nikaamini kwamba tumeachwa.

Hatukuwa tumeachwa. Manowari hukaa pale ambapo rada yake inaweza kunasa kombora au droni mapema na kuitungua kabla haijafika. Lakini ni chache, na meli zinazoomba ulinzi ni nyingi. Kampuni huomba nafasi na pengine mkasubiri. Na hata ikiwa karibu, kuna kitakachopenya. Ndiyo sababu kampuni nyingi zilikubali kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, siku kumi na zaidi za ziada, mafuta juu.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hili ndilo lililonitia hofu zaidi. Sisi wengi tulifundishwa mambo ya maharamia wa Somalia: kengele ikilia, wote mbio hadi chumba cha kujifungia, mara nyingi huko chini kwenye injini, mfunge mlango wa chuma na kungoja wanajeshi waje. Kwa haramia mwenye ngazi na bunduki, sawa. Kwa kombora au boti ya mabomu isiyo na mtu, huko chini ndiko kubaya zaidi. Meli ya Tutor iligongwa na boti ya namna hiyo tarehe 12 Juni 2024, nyuma, kwenye injini, na baharia aliyekuwa humo hakupatikana. Meli yenyewe ilizama.

Muulize ofisa wa usalama siku ya kwanza: kengele ya haramia ni ipi, na ya kombora ni ipi? Mahali pa kukusanyikia pakiwa tofauti, patembelee kwa miguu yako, tena usiku, taa zimezimwa. Pa kombora pawe juu ya usawa wa maji, ndani katikati, mbali na vioo. Serahangi wetu, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha, mzee wa Kifilipino, alitufanyisha zoezi hilo mara nne kwa siku mbili. Tulinung'unika sana. Leo namwombea heri.

Kuhusu mkataba: mimi nilijua njia tunayopita tulipokwisha kung'oa nanga. Ajenti alikuwa anajua. Wewe uliza kabla ya kutia sahihi, na jibu ulitake kwa maandishi. Angalia kama meli iko chini ya makubaliano ya IBF, yaani yale ya vyama vya mabaharia na waajiri. Ikiwa iko, na eneo limetangazwa kuwa la kivita, una haki ya kukataa kupita na kurudishwa nyumbani kwa gharama ya kampuni. Ukikubali, kuna nyongeza sawa na mshahara wa msingi, na fidia ya kifo au ulemavu huwa maradufu. Ikiwa haiko, soma kila mstari, au mpelekee mtu wa chama akusomee.

Na nyumbani, mtu mmoja aujue ukweli. Nilimdanganya mama kwamba tuko Singapore, akaja kusikia kwa jirani. Safari iliyofuata nilimwachia kaka yangu nakala ya mkataba, jina la meli na namba yake ya utambulisho, ya IMO, na simu ya kampuni. Karatasi hizo bado anazo, ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya kabati.