Vigae vya vinaili vilivyong'olewa: kagua mgongo kabla ya uso

Duka au ofisi ikikarabatiwa, vigae vya vinaili, yaani vya plastiki, hung'olewa vingali vizima na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Usivutwe na mng'ao. Kigeuze.

Vigae vigumu vya inchi 9 kwa 9 kutoka majengo ya kabla ya miaka ya 1990, hasa vyenye gundi nyeusi kama lami, huenda vina asbestosi, nyuzi za madini ambazo vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Hivyo usivinunue. Vikiwa tayari sakafuni kwako, usivikate wala usivipige msasa. Tandika kitu kingine juu yake. Vya inchi 12 navyo visiaminiwe mpaka ujue umri wa jengo.

Vya kisasa vipime kwa kupinda kona taratibu. Kikirudi, kinafaa. Kikipasuka, vinaili imekauka na hakitalala vizuri tena.

Ukivitoa mwenyewe, joto ndilo linalofanya kazi. Tandika kitambaa, pitisha pasi ya moto wa wastani mpaka kigae kilegee, kisha sukuma skrepa pana ikiwa imelala kabisa; ukiinua mkono, kona inakatika. Gundi ya mgongoni ikwanguliwe papo hapo, kabla haijapoa ikawa ngumu. Petroli usiiguse: hulainisha vinaili yenyewe, na mvuke wake hushika moto. Vigae vya kubana ulimi kwa ulimi hufunguliwa kuanzia upande fundi alikomalizia; kilichovunjika ulimi kinabaki kipande cha pembeni.

Vihifadhi vikiwa vimelala, maana vikiegemezwa ukutani hupinda. Halafu vichambue kwa unene. Vya mlangoni vimelika, vya chini ya kabati ni kama vipya, na ukivichanganya unyayo utahisi ngazi. Tunashauri vilivyolika vitandikwe pamoja, pale kitanda kitakapokaa.

Mita ya mraba hula vigae 11 hivi vya inchi 12. Chumba cha mita 3 kwa 3.6 kinahitaji 117. Chukua 140, kwa sababu hutapata vingine vya kufanana navyo.

Sakafu ndiyo huharibu kazi nyingi. Bandika karatasi ya nailoni ya mita moja kwa mita moja, ziba kingo zote kwa utepe, uiache saa 48. Ukikuta matone chini yake, usitandike bado. Niru laini sana ikwaruze kwa msasa ili gundi ishike, ziba mashimo, fagia hata chembe ya mchanga, kwani baada ya wiki chache itajichora juu ya kigae.

Piga kamba ya chaki kutoka katikati ya chumba, panga vigae vikavu kwanza. Gundi ya maji ipakwe kwa mwiko wa meno madogo, ngoja ibadilike kutoka nyeupe hadi angavu, inate kidoleni bila kutoka, ndipo ulaze vigae. Ukiwahi, maji yananaswa chini na kingo zinanyanyuka. Gandamiza kwa rola nzito kutoka katikati kwenda nje. Samani zirudi kesho yake. Kudeki kwa maji kusubiri siku 5.